Mvua ya Ikutha na Kibao Kilichopigwa Tupa

Ikutha, 6 Mei 2025

Kwa Ndinda wa Muli, Emali.

Mimi Nzau nina miaka themanini na moja. Machifu sita wamekuja wakaenda nikiwa hapa hapa. Nzige wamepita mara mbili, ile njaa ya watu kufa na pesa mkononi imepita, susu yako Kalondu, mke wangu, amepita, na Muli baba yako, ambaye alipaswa kunizika mimi, amepita. Meno nimebaki nayo kumi na manne na yote yanatafuna muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Nitajie mzee mwingine Ikutha.

Wi museo? Sisi ni wazima. Mbuzi mwekundu alizaa mapacha. Shangazi yako Katunge amepona mguu, sasa anaenda kanisani na kurudi na maneno.

Jambo ni hili. Unajua tangu 1984 nasoma mkebe wa kupimia mvua kila asubuhi saa tatu. Sijui kuandika barua kama mwalimu, lakini milimita hakuna wa kunifundisha. Muli aliingiza yote kwenye kompyuta, miaka thelathini na nane, mpaka mwaka ule alipotuacha. Halafu mchwa wakaingia sandukuni wakala madaftari ya miaka hiyo, wakaacha majalada tu. Kwa hivyo mvua ya Ikutha iko mahali pamoja duniani: ndani ya ile kompyuta.

Sasa kuna injinia, mama mmoja anaitwa Syombua, yeye na ofisi yake wanataka kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga na maji, mtoni kwetu. Ukuta wa kwanza ulijengwa kwa hesabu ya mvua ya mjini, na mto ukaubeba kama ganda la ndizi. Safari hii anataka hesabu ya hapa. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema: tarehe thelathini Septemba nitaweka miaka thelathini na nane juu ya meza. Lakini nikifungua kazi ya Muli, kompyuta inakwama. Inafikiria, inafikiria, halafu inajizima yenyewe. Niambie dawa.

Babu yako, Nzau.


Emali, 19 Mei 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya mapacha na mguu wa shangazi. Mimi niko salama. Hapa Emali ni vumbi na malori, na kwenye meza yangu kuna kompyuta kumi na moja za watu zinanisubiri.

Ugonjwa naujua. Baba alipiga picha kila ukurasa wa daftari akaiweka kando ya hesabu. Kazi ni nzito, na kompyuta ile ina kibao kimoja cha memori, kidogo na kizee. Fikiria hivi, Babu: diski ni sanduku, ndimo mvua ilimolala. Memori ni meza ya kufungulia daftari. Meza yako ni ndogo na mguu mmoja umeoza. Ndiyo maana kila ukifungua, vitu vinaanguka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza na rahisi: toa diski, umpe Sahal ailete na lori lake la mbuzi. Nitanakili kila kitu siku moja. Ya pili: tutafute memori nyingine. Lakini memori hainunuliwi kwa macho. Kibao kilichomo kina karatasi yenye maandishi. Ninakilie kila herufi na kila namba, hata kama huelewi. Hasa angalia kama imeandikwa DDR3, yaani memori ya kizazi cha tatu. Kompyuta za umri huo ni DDR3.

Kuja mwenyewe sasa siwezi. Kazi ni nyingi.

Mjukuu wako, Ndinda.


Ikutha, 2 Juni 2025

Ndinda,

Wi museo? Hapa mvua ya masika iliisha kama mtu aliyekumbuka safari. Jumla milimita mia moja na nane.

Diski haipandi lori. Miaka thelathini na nane ya mvua ikae kati ya miguu ya mbuzi mpaka Emali? Sahal ni mtu mzuri, hata barua zetu anazibeba bila kulalamika, lakini akiona shimo haoni breki. Nilisema siku ile tulipomzika Muli kwamba kompyuta haitoki hapa, na haijatoka.

Nilifungua ubavu wake nikaangalia. Mjukuu wangu, mimi nimeona reli, nimeona ndege ikitua Mombasa, lakini hii sijaona. Ni mji! Kuna nyumba nyeusi zimepangwa kwa mstari, kuna barabara za shaba nyembamba kuliko unywele, na hakuna hata moja inayogongana na nyingine. Niliita Katunge. Alishika mdomo. Akasema, "Nani alichora hii na mkono haukutetemeka?"

Maandishi ya kibao ni ya sisimizi. Miwani yangu haiyataki. Lakini mimi si mjinga. Nilipima urefu kwa uzi, kama unavyopima mguu wa mtu ukamnunulie kiatu, nikampa Sahal uzi huo aupeleke kwa shangazi yake Barwaqo, mwenye duka la vipuri hapo Emali. Nimeagiza kubwa kabisa. Kwa hivyo usijisumbue, jambo limekwisha.

Unasema kazi ni nyingi. Sijauliza.

Nzau.


Emali, 17 Juni 2025

Babu,

Shikamoo, na salamu kwa shangazi. Ndugu yangu Mutiso amepata kazi mjini Wote, anakusalimia.

Uzi! Nilipita dukani, Barwaqo akanionyesha uzi umetundikwa ukutani kwenye msumari. Ameuweka hapo kuwaonyesha wateja. Anasema hajawahi kuuziwa akili namna hiyo. Alimuuliza Sahal, "Kompyuta ni ya aina gani?" Sahal akajibu, "Mzee anasema urefu huu, na nguvu ya fahali." Basi Barwaqo akatoa alichokuwa nacho.

Sasa nisikilize tafadhali. Hicho kibao ni DDR4, kizazi kinachofuata. Urefu ni sawa na cha zamani, ndiyo, uzi wako haukudanganya. Lakini chini kina pengo, na pengo lake halikukaa mahali pale pale. Waliotengeneza waliliweka pengo hivyo makusudi, ili kitu kisichofaa kisiingie. Stima yake, ule umeme kinaoutumia, pia ni tofauti. Barwaqo anasema alimwagiza Sahal akuambie: kikikataa kuingia, kirudishe, usilazimishe.

Kirudishe, Babu. Siku bado zipo.

Ndinda.


Emali, 20 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Sahal amepita hapa mara tatu na mbuzi, bila barua. Anasema uko mzima na unakula. Nilimuuliza habari ya kompyuta, akaangalia kando, akaanza kunieleza bei ya mbuzi.

Imebaki miezi miwili na kidogo. Niandikie hata mstari mmoja.

Ndinda.


Ikutha, 11 Agosti 2025

Ndinda,

Wi museo? Sisi ni wazima. Upepo ni wa vumbi tu. Mapacha wa mbuzi wameacha kunyonya. Katunge ameshona pazia la kanisa. Mkebe wa mvua una sifuri, sifuri, sifuri, lakini nasoma hata sifuri, kwa sababu sifuri pia ni habari.

Narudisha kile kibao kwa mkono wa Sahal. Kilikuja kimekufa. Mwambie Barwaqo kwamba mzee wa miaka themanini na moja hauziwi mzoga. Nimesema hapa sokoni pia, watu wajue.

Habari nyingine hakuna.

Nzau.


Emali, 16 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu.

Nimekipokea kibao. Nilikiweka chini ya taa ya kazi na nikakiangalia kwa kioo cha kukuzia. Pengo lake limepanuliwa. Kuna mikwaruzo ya tupa ya kunolea chuma, mistari iliyolala upande mmoja kama inavyolala kwenye pini za plau lako la maksai, maana nilikua nikikuangalia ukizinoa. Vumbi la shaba bado limekwama kwenye meno yake.

Barwaqo aliona kabla yangu. Alikifunga kwenye karatasi, akatoa ule uzi ukutani, akaingia nyuma ya duka. Wateja wawili kutoka Ikutha wamekwisha kumwambia kwamba anauza mizoga.

Nilitaka kuinyamazia hii. Wewe ni babu yangu. Lakini tarehe thelathini Septemba utasimama mbele ya Injinia Syombua useme, "Hii ndiyo mvua kama ilivyonyesha." Mtu akipiga kibao tupa kisha akasema kilikuja hivyo, wale watu watajuaje kwamba mvua nayo haikupigwa tupa? Ukuta utajengwa juu ya neno lako. Chini ya ukuta kuna mashamba, na watoto wanaooga mtoni.

Sikuulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu mimi naamini hesabu zako. Nataka kuendelea kuziamini.

Ndinda.


Ikutha, 30 Agosti 2025

Ndinda mjukuu wangu,

Wi museo? Barua yako nilisomewa na Katunge, halafu nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, siku mbili.

Nilipiga tupa. Pengo lilikataa, na mimi sijawahi kukataliwa na chuma. Kila kitu nilichokuta hakiingii, pini ya plau, bawaba, jino la msumeno, nilikipiga tupa kikaingia. Nikasema hiki nacho ni chuma. Kikaingia nusu. Nikasukuma kwa kidole gumba. Nikawasha. Feni ilizunguka, kompyuta ikapiga kelele kama ndege aliyenaswa, mara tatu, na kioo kikabaki cheusi. Nikatoa, nikarudisha kile cha zamani pale pale. Kelele ile ile. Tangu siku hiyo haijafunguka.

Sikuandika kwa sababu nilidhani nimeua mvua. Wiki sita nilikuwa nikisoma mkebe saa tatu, na mkono ukiandika sifuri, roho inasema: hii ndiyo mvua pekee uliyobaki nayo, mzee.

Jumatano nilisimama sokoni, pale pale niliposema, nikasema kwa sauti kwamba Barwaqo aliuza kitu kizima na mimi ndiye niliyekiharibu. Walicheka. Wacha wacheke. Wale wateja wawili nimewatuma wamwambie.

Lakini sikia na hili, uliandike mahali. Mvua sijawahi kuipiga tupa. Siku niliyokuwa mgonjwa niliacha nafasi wazi. Siku ya kumzika Kalondu niliacha wazi. Muli alikuwa akiniambia, "Baba, weka hata makadirio." Nikamwambia, sikuona, sijui.

Siku tulipomzika Muli nilisema neno kuhusu kazi yako, kwamba ni kucheza na waya. Silirudii hapa. Wewe unalijua na mimi nalijua.

Je, mvua imekufa?

Nzau.


Emali, 6 Septemba 2025

Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mvua haijafa. Ulichoumiza ni mahali pa meza. Sanduku hukuligusa. Umeme ukizimwa meza husafishwa yote, kila siku, hata kompyuta ikiwa nzima. Diski ndiyo inayolala na vitu vyake, na hujaishika.

Barwaqo anakusalimia. Amesema mzee anayejitangaza sokoni ni mteja anayemtaka. Alinipeleka nyuma ya duka, kwenye boksi la vibao vilivyotolewa kwenye kompyuta za maofisi. Kulikuwa na vipya vinavyong'aa pia, vya jina ambalo hakuna anayelijua, na kimoja kilikuwa na karatasi mpya iliyobandikwa juu ya karatasi nyingine. Hivyo tuliviacha. Nilichagua viwili vilivyotumika: DDR3, kampuni moja, namba moja, ukubwa mmoja, GB nne kila kimoja. Nimeangalia kitabu cha kompyuta yako, inavikubali bila shida. Wewe utaelewa kuliko wateja wangu wote: ni kama kufunga maksai kwenye nira. Huchukui fahali mmoja na ndama mmoja. Unachukua wawili wa hatua moja.

Halafu nilivipima. Kuna programu inaandika kitu kwenye kila nafasi ya memori, kisha inarudi kusoma kama kiko vile vile, inafuta, inaandika kingine, inasoma tena. Nafasi ni zaidi ya bilioni nane, Babu, na hairuki hata moja. Jozi ya kwanza ilikosea mara moja tu, kwenye mzunguko wa tatu. Mara moja kwa mabilioni! Nikairudisha, nikachagua nyingine ya namna ile ile. Kosa moja ni kosa. Jozi hii niliyokutumia imezunguka siku mbili, na mahali pa makosa pamebaki sifuri. Nilikuwa nakaa naiangalia na kuacha kazi za watu. Nilikuwa nakufikiria na mkebe wako.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya wa stima ukutani. Vua ile sweta ya manyoya, hewa hii kavu inaitia stima ndogo ambayo huisikii lakini kibao kinaisikia. Shika chuma cha kasha kwanza. Kompyuta ina nafasi nne, mbili za manjano na mbili nyeusi. Ile uliyoumiza ni nyeusi, nimeijua kwa maelezo ya Sahal. Usiiguse tena, na kile kibao cha zamani kitoe kabisa. Tumia za manjano zote mbili. Shika vibao kwa kingo, usiguse meno ya dhahabu. Linganisha pengo. Likikubali, sukuma pembe zote mbili sawa mpaka vibanio vijifunge vyenyewe, tak, tak.

Likikataa, geuza kibao. Tupa iweke mbali, mpe shangazi aifiche.

Ndinda.


Ikutha, 5 Oktoba 2025

Kwa fundi Ndinda wa Muli, Emali.

Wi museo, wi museo muno. Sisi sote ni wazima, Katunge, mbuzi, hata jogoo. Vuli bado, lakini mchana joto limeanza kukaa chini kama mgeni asiyetaka kuondoka, kwa hivyo iko njiani.

Nilivua sweta. Nilinawa mikono kama daktari. Katunge alikalia tupa, kweli, aliiweka chini ya mto wa kiti akaikalia. Nikashika chuma. Nikashika kibao kwa kingo. Pengo likakubali! Sikusukuma kwa nguvu, nilisukuma kama unavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Tak, tak. Cha pili, tak, tak. Nikawasha.

Ndinda, iliamka. Kelele moja fupi tu, na mwanga. Ilihesabu memori yake yenyewe, nikaona namba nane. Nikafungua kazi ya Muli kwa kidole kimoja, na haikufikiria. Ilifunguka kama pazia.

Sijui nikuambieje. Nimesoma mvua siku moja moja maisha yangu yote, sijawahi kuziona zimekaa pamoja. Muli alipanga mwaka kwa mwaka, siku zaidi ya elfu kumi na tatu, na kila siku iliyonyesha aliipaka rangi ya buluu. Katunge alikuwa akishuka na mausi, kile kipanya cha kompyuta, polepole. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, halafu mstari mwembamba wa buluu, halafu nyeupe tena mpaka macho yakauma. Nilisema, "Simama." Nikaangalia. Tumelima kwa buluu ile ndogo! Tumezaa, tumejenga, tumesomesha watoto, kwa mistari ile michache kwenye weupe wote ule. Mtu angeniambia nilikuwa nikiishi humo, nisingeamini. Nilitoa kofia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na kando, picha. Mchwa walikula karatasi, lakini karatasi ziko. Mwandiko wangu wa 1984, mbaya kama miguu ya kuku. Doa la chai la 1991. Na zile siku nilizoacha wazi, Muli hakuzijaza. Aliandika kwa herufi ndogo: "Baba anaumwa." "Leo tumemzika Mama." "Baba hakuona, kwa hivyo haijulikani." Hiyo ya mwisho ni maneno yangu. Sikujua aliyasikia.

Tarehe thelathini walikuja wote. Alikuwepo hata Musyimi, yule wa ng'ambo ya mto, ambaye kwa miaka ishirini anawaambia watu kwamba nasoma mkebe nikiwa kitandani. Tulitoa meza nje tukavuta waya wa stima dirishani. Injinia Syombua alikaa mbele ya kioo, akasahau chai yake. Akasema, "Mzee, ofisi yetu haina kitu kama hiki." Nikamwambia najua.

Halafu akauliza, "Siku moja kubwa kuliko zote ni ipi? Urefu wa ukuta na mlango wa maji ya ziada vinatoka hapo." Watu wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye nimekuwa nikisema kila mahali, kwenye harusi na kwenye matanga, kwamba Novemba ya 1997 mkebe wangu ulishika milimita mia mbili kwa siku moja. Mia mbili kamili. Wajukuu wa watu wanaikariri. Katunge akashuka mpaka Novemba. Ilikuwa mia na arobaini na tatu. Nikaangalia picha ya ukurasa. Mwandiko ni wangu: mia na arobaini na tatu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema Muli alikosea kubonyeza. Mdomo ulifunguka. Wewe unaujua mdomo wangu.

Nikasema, "Injinia, mia mbili ni ya mdomo wangu. Mia na arobaini na tatu ni ya mkebe. Jenga kwa ya mkebe." Musyimi alicheka mpaka akashika magoti. Lakini Syombua hakucheka. Aliandika 143 kwenye kitabu chake, akapiga mstari chini mara mbili, akasema, "Sasa naweza kuamini na zile nyingine." Ijumaa wameanza kuchimba msingi.

Alinakili kila kitu kwenye kifaa kidogo kama kidole, na nikamruhusu. Mvua sasa iko mahali pawili. Aliuliza fundi ni nani. Nikasema mbele ya watu wale wale waliokuwepo tukimzika Muli: fundi ni Ndinda, na kazi yake ni kazi.

Sasa kuna miaka mitatu iko kwenye daftari tu, tangu Muli alipotuacha. Mimi kibodi siiwezi, na Katunge anabonyeza kama anaua siafu. Kitanda kipo. Njoo uingize mvua.

Na kama unadhani nimetia chumvi, hayo yote ameyaona Katunge, ameyaandika Syombua, na yuko Musyimi. Muulize huyo Musyimi kwanza. Hanipendi, kwa hivyo hatanipunguzia wala kuniongezea.

Babu yako, Nzau, msoma mvua, Ikutha.